Togwa ya Siku ya Nne

Mwazye,
Sumbawanga.
5 Desemba 1996

Mpendwa mwanangu Kasmir,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nimeitikia mapema ili ukifika kwenye maneno ya mbele usiseme shangazi ameanza kwa ugomvi. Hujambo huko Korogwe? Kifua chako kimepatana na vumbi la mkonge? Na je, unakula? Kwenye ile picha uliyotuma shingo yako imenitia wasiwasi, nikamwonyesha kila aliyepita hapa na wote wakasikitika. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, baridi ya huku juu unaijua, na goti langu la kushoto linatabiri hali ya hewa kuliko redio.

Barua yako ya Agosti niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Unasema wazazi wa Rahel, mchumba wako, walipokuuliza habari za baba yako ukawajibu kwamba ameshafariki. Yesu na Maria! Kasmir, umemzika kaka yangu bila hata kutualika matanga! Marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa amelazwa zahanati. Nikaificha barua hiyo mahali ambapo hata mwenye tochi hawezi kuiona, kwa kuwa sikutaka afe mara mbili.

Ndiyo sababu nimechelewa kujibu. Nilitaka nijibu nikiwa na la kusema.

Sikulaumu sana. Mwaka jana ulikuja na wenzako wawili wa kazini, baba yako akawasalimia mara tatu na kila mara akauliza ni wageni wa nani. Vile viatu vyeusi ulivyomletea vikauzwa vikanywewa kabla jua halijatua. Nilikuona ulivyoondoka bila kuaga. Nililia, nikaenda kumtukana, nikarudi nikalia tena.

Lakini umkumbuke pia yule Oswaldi aliyekuwa karani wa ghala la ushirika. Kijiji kizima kilikuwa kinamwendea awaandikie barua, maana mwandiko wake hata padri aliuonea wivu. Soko likawa huria, wanunuzi wakaja na malori yao kutoka Laela, wakawa wananunua mahindi barazani kwa mtu. Ghala likafungwa. Yeye akabaki na ufunguo mfukoni, kila asubuhi anakwenda kufungua chumba kitupu. Mama yako alipotangulia, ufunguo akauacha, akashika kata ya pombe. Mwaka huu kwenye kipaimara cha mdogo wako Monika alitakiwa kutia saini kama msimamizi, mkono ukatetemeka mpaka wakampa wino aweke dole gumba. Karani mzima! Nilitazama pembeni.

Tulimtibu, usidhani tulikaa tu. Kwanza nilimpeleka kwa mganga mmoja upande wa Mollo, akatupa unga mweusi, na masharti yake ni kwamba unywewe ndani ya pombe, kata tatu asubuhi na tatu jioni. Haijatokea mgonjwa kushika masharti namna ile. Dawa ilipokwisha akaniomba twende tukachukue nyingine.

Basi nikasema, la kuvunda halina ubani, sasa natumia kufuli. Nikamfungia stoo na maji na ugali, nikajisifu kijiji kizima. Siku ya pili akawa anatetemeka na kuzungumza na watu wasiokuwemo, akampa pole mama yako kwa safari. Mara akaanguka, akawa anarusha miguu na povu linamtoka mdomoni. Kasmir, pale mimi mwenyewe niliona umeshakuwa msema kweli. Nyanda, yule jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, akafunga mkokoteni wake, na ng'ombe wale walikimbia siku ile kama basi la Tunduma.

Zamani unajua mlevi akifika zahanati anaambiwa nini: kalale, ukiamka uache ujinga. Safari hii tulimkuta tabibu mgeni, Theodory, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposikia habari ya kufuli akaniuliza, "Mama, mtu mwenye malaria naye unamfungia stoo?" Nikamwambia malaria haimchagui mtu, pombe mtu huifuata mwenyewe. Akasema, "Alianza kwa kuifuata. Sasa yenyewe ndiyo inamfuata. Na aliyezoea namna hii ukimkatisha ghafla bila daktari unaweza kumuua."

Akamlaza siku tisa. Akamtundikia maji, akampa vidonge kwa saa, akamnywesha uji kidogo kidogo. Jioni anavuta kiti na kumwuliza habari za ushirika, na baba yako anamweleza ghala lilivyokuwa. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kumwuliza. Siku ya kutoka Theodory akamwambia awe anakwenda kila Ijumaa, kuna benchi nyuma ya zahanati ambapo walioacha pombe wanakaa pamoja wanazungumza. Mimi akaniagiza nisimwache na kiu wala na mikono mitupu: chai, uji, togwa ambayo haijachacha, kazi za hapa na pale. Nami nikaacha kupika pombe. Ndiyo, mimi! Siku hizi nauza maandazi, na ukicheka najua.

Sasa hapa kwenye togwa ndipo aibu yangu ilipo, usome taratibu.

Kuni ziko mbali, na mimi si mtu wa kuwasha moto kila siku kwa ajili ya kikombe kimoja. Jumatatu nikapika mtungi mzima wa kutosha wiki nzima. Mtungi wenyewe ni uleule wa pombe, nilikuwa nimeusuuza tu. Nikatia kimea cha ulezi, nikafunika vizuri, nikaweka jikoni penye joto. Wewe ni mtoto wa Ufipa, huna haja ya kuelezwa. Mimi niliyepika pombe miaka thelathini nilihitaji kuelezwa! Lakini nilikuwa nimeshaiita dawa, na dawa ya mtu huionji.

Jumanne akanywa akashukuru. Jumatano akaomba kingine. Alhamisi, mwanangu, akawa mtu mwema ajabu. Akaniita dada yangu wa pekee, akamsifu Nyanda na ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, akaimba wimbo wa kanisa sauti zote nne peke yake. Nikapiga magoti palepale jikoni. Nikasema amepona! Jioni akaenda kuchukua kitu stoo, akarudi kimya, akalala bila kula. Nikadhani ni uchovu wa kupona.

Ijumaa nikajaza kibuyu kikubwa, nikakibeba mwenyewe mpaka kwenye lile benchi. Walikuwa watu wanane, Meshack fundi baiskeli akiwa wa kwanza. Nikatoa ushuhuda. Nikasema kaka yangu ni mzima, anacheka, anaimba, na yote ni kwa dawa hii, nami sitakuwa mchoyo. Nikaanza kugawa vikombe. Meshack alikishika chake kwa mikono miwili, uso umebadilika kabisa.

Baba yako akasimama. "Msinywe," akasema. "Hiyo ni pombe. Nimejua tangu Jumatano, nikanyamaza."

Loo! Nilitamani ardhi inimeze na kibuyu changu. Theodory akanusa, akavua miwani, akamwaga vyote pale chini. Hakumtukana mtu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua anacheka, na wale wanane nao wakaanza, hata Meshack akicheka huku anafuta machozi. Baada ya hapo Theodory akamshika baba yako mkono mbele ya wote, akamwambia, "Aliyeangusha kibuyu chake mwenyewe hajaanguka." Wakamrudisha wodini siku nne ili aanze upya kwa usalama. Mimi nikaelekezwa, kama mwari jikoni, kwamba togwa hupikwa kidogo na kunywewa siku hiyohiyo.

Tangu siku hiyo ni miezi mitatu. Kilichomsimamisha siku ile sijui, nami najiambia ni rozari zangu.

Jumamosi iliyopita tulilima shamba la bondeni. Unajua desturi, watu hawaji kulima kwa mtu asiyepika pombe. Baba yako akatangaza kuwa atawapa togwa ya asubuhi, maharage na nyama ya mbuzi, na mtaa mzima ukamcheka. Walikuja wale wa benchi wote wanane, na Nyanda akaja na jembe lake la kukokotwa. Saa sita tulikuwa tumemaliza, na mistari imenyooka. Mwaka jana mistari yetu ilikwenda kila mtu na njia yake, unaweza kujua pale ndipo waliponywea kata ya pili na pale ya tatu.

Sasa sikia, mwanangu. Sikwambii kwamba amepona. Theodory anasema ugonjwa huu hulindwa kila siku, na kuna siku namwona anatazama njia ya kilabuni mpaka namtuma kuni tusizozihitaji. Ninachosema ni kwamba yuko hai. Anakuuliza kila Jumapili, nami sina la kumjibu kwa sababu ya ile barua niliyoificha. Mlete Rahel huku Pasaka kabla ya ndoa. Kwa wakwe utasema nini sijui, ulimzika peke yako, mfukue peke yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe ni wa kwanza kuficha maradhi kwa kutangaza kifo.

Monika anakusalimu sana, mwakani anaingia darasa la saba na anataka kalamu. Cornelia wa mjomba wako amejifungua mtoto wa kiume mwenye kelele. Nyanda anakusalimu, na Gabriel katekista anauliza kama huko unasali. Msalimie Rahel, mwambie ana shangazi mkali lakini anapika vizuri. Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe moyo mwepesi wa kurudi nyumbani.

Nimempa baba yako barua hii aiandikie anwani kwenye bahasha, maana mkono wake umerudi. Nimemkataza asiifungue.

Ni mimi nikupendaye hata unapodanganya,
Shangazi yako,
Emerensiana

*

Mwanangu Kasmir,

Shangazi yako amenipa niandike anwani tu. Nimeisoma yote. Ng'ombe wa Nyanda hawajawahi kukimbia tangu waje Ufipa, hayo mengine ni kweli.

Na barua yako ya Agosti niliisoma pia, Alhamisi ile. Dada yangu huficha mambo yake ya siri ndani ya debe la kimea, na kijiji hiki hakuna anayelijua debe hilo kunizidi. Nilikwenda stoo kutafuta kimea niiongezee togwa nguvu, nikakuta habari za kifo changu. Usimwambie. Mwache aamini ni rozari.

Usiwaombe wakwe radhi kwa ajili yangu, hukuwadanganya sana. Ila Pasaka mwakani ni tarehe thelathini Machi, nimetazama kwenye kalenda ya parokia. Ukiniruhusu, ningependa kufufuka siku hiyohiyo. Viatu nitakuwa nimenunua mwenyewe.

Wako akupendaye,
Marehemu baba yako,
Oswaldi