Mbegu Zilizochanganywa Nikiwa Msibani

Dar es Salaam

Dada yangu Paskalina,

Mgongo unaendeleaje, na baridi ya Endamarariek? Mimi mzima. Shuka la Mama ulilonipa baada ya mazishi nalitandika kitandani, ingawa joto la hapa halitaki shuka.

Dada, nimetolewa chumba cha kompyuta. Nimerudishwa kupiga taipu barua za ofisi.

Ile kompyuta hutafuta majina ya wakulima wanaogawiwa mbegu. Karani mmoja huandika GWANDU, mwingine Gwandu. Mashine ikasema ni watu wawili, mzee wa watu akarudi mikono mitupu. Nikaiandikia maagizo: kabla ya kulinganisha majina, yote yageuzwe herufi kubwa. Lakini alama za magunia ilinganishe zilivyo, maana M kubwa ni mahindi ya nyanda za juu, m ndogo ni ya pwani.

Simu ya kifo cha Mama iliponifikia, kazi ilibaki kidogo. Nikamwachia Jofrey, rafiki niliyekula naye sahani moja. Nilidhani ni kama kwetu: mfiwa analimiwa shamba na majirani, mavuno yanabaki yake.

Nilirudi na kichwa changu kilichonyolewa, nikakuta amempelekea mkubwa wetu kazi ile kwa jina lake na amesifiwa. Kumbe aliona mistari ya magunia inamchosha, akaifuta, kila kitu kikageuzwa herufi kubwa. Mbegu za pwani zikapakiwa kwenda huko kwetu Karatu, nyanda za juu.

Mkubwa alipouliza kosa ni la nani, Jofrey akasema mbele yangu, "Mzee, aliandika Emanueli. Mimi nimeikuta hivyohivyo."

"Wewe Mmbulu," mkubwa akanigeukia, "umetuletea balaa na upara wako?"

Watu wakacheka. Nilimtazama Jofrey. Naye alicheka.

Jana kaja mezani kwangu. "Kaka, usininunie bwana. Nionyeshe ulivyozitenganisha zile alama za magunia, mimi zimenishinda."

Nilimwonyesha, mstari kwa mstari, kwa sababu mvua zinakaribia nanyi mnangoja mbegu. Alipomaliza kunakili akanyoosha mkono. Sikuupokea, dada. Tangu nizaliwe sijamnyima mtu mkono.

Nisalimie shemeji, mwambie gunia lenye m ndogo asilipande. Msalimie na mama mdogo aliyetupikia siku zote za msiba. Baba akiuliza habari zangu, mwambie nipo kazini. Si uongo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Emanueli