Rewang Si Kazi

Jumanne, 11 Julai

Rewang (nomino): kwenda nyumbani kwa mwenye shughuli, kwa siku moja au zaidi, kumsaidia kupika na kuandaa, bila kuajiriwa wala kulipwa, kwa kutarajia kwamba naye atakuja kwako siku yako itakapofika. Nilihariri kamusi kwa miaka thelathini na mmoja, na fasili hii niliiandika mimi. Sikuwahi kuitilia shaka. Leo naitilia.

Dada yangu Kasiyati aliungua mkono wa kulia Alhamisi iliyopita. Karai la sukari ya mnazi iliyokuwa ikichemka lilipinduka jikoni kwa Bu Hartiyah, aliyekuwa akimwoza binti yake. Bu Hartiyah ni jirani yetu tangu utotoni. Ni mwajiri wa dada pia: kwa miaka ishirini na sita dada amechora batiki kwa nta katika karakana yake, ua baada ya ua, kwa mkono huo huo.

Daktari amesema: ngozi ya kupandikizwa, banzi, kisha mazoezi ya kila siku kwa nusu mwaka. Pasipo hayo vidole vitajikunja na kubaki vimejikunja. Mfuko wa bima ya wafanyakazi utagharamia yote, ikiwa ni ajali ya kazini. Ikiwa sivyo, iko bima ya kawaida, na hiyo huishia kidonda kinapofunga.

Swali la saba la fomu: "Alikuwa akifanya nini alipoumia?" Mstari mmoja wa kujaza.

Jumatano, 12 Julai

Nimemlisha uji. Hukasirika nikipuliza kijiko.

"Dik, mimi ndiye niliyekupulizia uji. Usinigeuzie kibao."

Ni kweli. Nina miaka hamsini na tisa na bado ananiita Dik, mdogo wake. Aliacha shule ili mimi niendelee.

Nikamsomea swali la saba. Akajibu bila kusita: "Andika rewang."

Nikamweleza kwamba kwa neno hilo mfuko utakataa.

"Basi liandikwe lipi?"

"Kazi."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Yaani mimi ni mpishi wa kukodiwa na Yah? Mama alipokufa, nani alichuchumaa kisimani siku saba akiosha masahani yetu? Si Yah? Naye alikuwa kazini kwako?"

Yah ni Bu Hartiyah, kwa jina lake la utotoni. Nikapuliza kijiko. Safari hii aliupokea uji bila kukasirika.

Ijumaa, 14 Julai

Nimekwenda karakanani. Ukweli, kwa mpangilio wake: Alhamisi ile, siku ya kazi, majiko ya nta yalizimwa asubuhi. Wachoraji wote kumi na wanne walivuka ua na kuingia jikoni. Katika daftari la mahudhurio kila mmoja ametiwa alama ya "yupo". Nikamuuliza msimamizi, Pak (Bwana) Jumali, kwa nini.

"Kwani hawakuwapo, Pak? Ningeandika wametoroka?"

Wanawake wakacheka mpaka nta ikawadondokea kwenye vitambaa. Nikamuuliza Sarmini, anayekaa jirani na dada kwenye jiko lao la nta: je, Kasiyati angeweza kukataa kwenda?

"Kukataa rewang! Labda uwe maiti, Pak. Na hata maiti utafanyiwa rewang wewe mwenyewe!"

Kicheko tena. Lakini ndicho kipimo nilichokuwa nakitafuta: asiyeweza kukataa yuko chini ya amri. Kisha nikakumbuka kwamba asingeweza kumkataa jirani yeyote, hata asiye na karakana. Kipimo kikavunjika mkononi mwangu.

Sarmini akaongeza, bila kujua uzito wake: karai lilipoinama dada alipiga kelele, "Yah! Karai!"

Hakusema Bu, yaani Bibi. Karakanani, kwa miaka ishirini na sita, hajawahi kuliacha neno "Bu", hata wakiwa wawili tu. Akivuka ua na kuingia jikoni, ni Yah. Cheo huvuliwa kizingitini, pamoja na viatu. Basi daftari linasema alikuwa kazini. Kinywa chake kinasema hakuwapo.

Jumapili, 16 Julai

Kidole cha shahada kimesogea. Kidogo mno — upana wa punje ya mchele. Nimefurahi kupita kiasi kinachoruhusiwa na ushahidi.

Jumatano, 19 Julai

Bu Hartiyah amekuja na kuku wa tui. Hakutaka kiti, amekaa mkekani, kando ya mkono uliofungwa, bila kuutazama.

"Dik, lete fomu nitie sahihi. Andika kazi. Andika utumwa ukipenda! Mkono upone tu."

Dada akasema sahihi hiyo itamfanya bosi ndani ya jiko lake mwenyewe.

"Mimi ni bosi wako, Yat!"

"Si kule."

Kisha dada akaonja mchuzi na kusema umepungua chumvi. Bu Hartiyah akasema ulimi ndio umeungua, si mkono. Wakabishana juu ya chumvi kwa furaha ya watu walioponea chupuchupu. Akamlisha mpaka bakuli likaisha, na akapuliza kila kijiko. Hakukaripiwa hata mara moja! Nimelitambua hilo kwa wivu.

Baada ya hapo nimekaa na kalamu. Kuandika "kazi" kunanitatiza, na si kwa kuogopa uongo. Kunanitatiza kwa kuwa sijui kama ni uongo. Nimepeleka fomu mstari wa saba ukiwa mtupu. Wamesema atakuja ofisa.

Jumatatu, 24 Julai

Naandika nikiwa kibarazani. Ofisa yuko ndani: Bu Endah, mama wa makamo, miwani imefungwa kamba. Nilikuwa nimetayarisha maelezo ya kurasa nne. Aliyapokea kwa adabu, akayalaza kifudifudi.

"Pak, nataka maneno yake, si yako."

Ni haki. Nimetoka. Pazia la mianzi halizuii sauti.

Amemuuliza kuhusu majiko ya nta, daftari, saa. Dada amejibu vizuri, kwa ufupi. Bu Hartiyah yupo pia. Nasikia bangili zake, na nadhani ameshika mkono wa kushoto wa dada. Kisha swali ambalo lilinishinda:

"Bu Kasiyati, siku ile ungeweza kukataa?"

Kuku wa jirani. Cherehani ng'ambo.

Nimeegemea ukuta, mimi niliyeandika fasili, na sitaki aseme uongo, na sitaki mkono ule ufe. Vyote viwili. Sina kanuni ya kuvipatanisha.

Dada ameanza: "Yah—"

Akakatisha. Nimesikia akivuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya karakanani, sauti ambayo hajawahi kuitumia ndani ya nyumba hii:

"Bu Hartiyah. Kama nisingekuja siku ile, siku yangu mimi ungekuja kunizika?"

Bangili zimenyamaza. Kalamu ya ofisa pia. Bu Hartiyah bado hajajibu.