Busaa ya Tohara

Jumatano, Kitale

Bado namsikia yule nyanya akiniuliza mbele ya korti nzima: "Mheshimiwa, kwani wewe ulipotahiriwa, kwenu walitengeneza soda?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Polisi walimkamata kule Kachibora na mtungi wa busaa, pombe yetu ya kienyeji, bila leseni, busaa ya tohara ya mjukuu wake. Alikubali kosa. Nikamwambia nilichofundishwa chuoni na ambacho nimekirudia miaka yote: kazi ya korti si kuuliza kama sheria ni nzuri, ni kuuliza kama ni sheria. Pesa za faini hana. Basi, mwezi mmoja jela.

"Sasa siku ya kijana ifike mimi niko ndani?" akauliza, kwa sauti ya chini. Nikaita kesi inayofuata.

Hukumu yangu haina kasoro. Hata akikata rufaa, itasimama. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba hakuna mahali nilipokosea.

Jioni ndugu yangu alipiga simu kutoka Tongaren. Mwanawe anatahiriwa Jumamosi. "Usikose bana, wewe ndiye mkubwa wetu. Busaa iko tayari, na mrija wako tumekuwekea."

Nikamuuliza kama ana leseni.

Alicheka mpaka akakohoa. "Leseni ya nini, na hakimu mwenyewe atakuwa ameketi hapo? Askari gani atakanyaga?"

Nikamwambia nitafika mapema.