Kisu cha Baba Mkwe

Jumapili, Shinyanga

Afadhali angenitukana.

Leo kule Kolandoto wamechinja ng'ombe kwa ubarikio wa shemeji yangu, na baba mkwe akatoa kile kisu nilichompa zawadi. Akawatangazia wageni, "Hiki katengeneza mkwe wangu." Akaanza kuchuna. Kisu kikateleza, kikatoboa ngozi. Akajaribu tena, na tena. Mimi nimesimama na beseni la utumbo, natazama chini.

Nilijua. Bamba linaloegemeza mkanda wa msasa kwenye mashine yangu ya kusagia visu nililikata kwenye chuma laini cha mageti, nalo limelika katikati mpaka limebonyea kama kijiko. Kila kisu kinatoka na tumbo ubavuni, makali hayalali sawa kwenye ngozi. Cha mzee nilikiona, nikaking'arisha tu ili tumbo lisionekane.

Kesho nalitoa bamba hilo. Mahali pake kigae hakifai, kikipata moto kinapasuka. Spring ya lori la Fuso ni ngumu, ila kuinyoosha iwe bapa kabisa siwezi. Nitabandika kipande cha kile kioo cha juu ya jiko la umeme lililokufa. Hakiliki upesi wala hakiogopi joto. Kipo uvunguni siku zote hizi, na mimi...

Pale Kolandoto mzee alikifuta kisu changu taratibu, akakirudisha kwenye ala.

"Hiki ni cha kutunza, ng'wanawane, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Si cha kazi."

Kisha akaazima kisu cha jirani.