Wino kwenye vidole vya Baba Neema

Jumatano, Butimba

Wamemwachia! Mume wangu amelala hapa anakoroma, na mimi nacheka peke yangu kama kichaa.

Aliyeiba ile injini ya boti waliyomsingizia mume wangu alishika rangi mbichi ya boti, akaacha alama za vidole. Polisi wamezilinganisha na za Baba Neema, si zake! Gumba lake lina kovu la ndoano ya sangara, la mwizi halina.

Amerudi na wino wa kuchukuliwa alama vidoleni. Mama mkwe akaleta sabuni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza mama, majirani hawajaona."

Akacheka. "Basi mtume bombani."

Mwizi mwenyewe hajakamatwa, hilo bado linanitisha. Ila leo mume wangu kabeba ndoo kichwani, mwanaume mzima! Wote walioniita mke wa mwizi amewasalimia mmoja mmoja, kwa mkono uleule wenye wino.