Mjukuu Wetu Alivyogonga Gari la Watu

Ghorofa ya tatu, nyumba ya pembeni,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi,
mwaka wa thelathini na saba tangu niondoke.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi wake. Shemeji naye kifua kinaendeleaje? Mwambie namwombea kila siku, lakini dawa anywe, asiyaachie maombi yangu kazi yote. Sisi huku hatujambo. Binti yangu na mumewe wazima, nami nakula, nalala, na kusoma gazeti nikiwa nimelisogeza karibu na pua.

Hilo la pua ndilo linaloleta habari yenyewe. Usishtuke, sijapofuka. Daktari amekuta ukungu kwenye jicho la kushoto, anasema utaondolewa. Ila siku ya kupimwa kulitokea jambo ambalo lazima nikusimulie.

Unajua mjukuu wetu amepewa jina la mama yetu, na mimi tangu utotoni mwake nimeshindwa kulitamka jina lile kavu kavu. Humwita Mama. Basi Mama huyo sasa ni mtu mzima, na mwezi uliopita alikuwa amebakiza kidogo tu aajiriwe kuendesha gari la wagonjwa katika hospitali ya hapa. Mitihani alishafaulu. Kilichobaki kilikuwa mwezi wa majaribio, na sharti lake ni kwamba katika mwezi huo asipatikane na ajali yoyote, hata kwa gari la nyumbani. Nyumba nzima tulikuwa tunanyata.

Katika mwezi huohuo akanipeleka kliniki ya macho kwa kigari cha baba yake. Walinitia dawa ya kupanua mboni, nikatoka nje naiona dunia kama ninaichungulia kupitia glasi ya maziwa. Uwanja wa maegesho ulikuwa umejaa, magari yamebanana. Nawe unatujua sisi. Kwetu gari halipigi rivasi mpaka mzee mmoja asimame nyuma yake na kulipigia kelele. Nikashuka, nikajipanga, fimbo juu.

"Njoo, Mama! Njoo, njoo... bado nafasi kubwa!"

"Babu, mbona kioo kinaonyesha..."

"Kioo kinajua nini? Njoo!"

Akaja. Kile kidude cha gari kinacholia kikiona kitu nyuma kilipiga makelele, naye akaja, kwa sababu mimi nimesema aje. Kisha nikasikia mlio kama wa mtu aliyekanyaga kikombe. Taa ya nyuma ya gari la bluu la watu ilikuwa chini, vipande vipande.

Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameliona gari lile vizuri kabisa, lakini angeanzaje kuniambia mbele za watu kwamba mimi sioni? Kosa la namna hiyo, mdogo wangu, hulifanya watoto wa nyumba yetu tu.

Watu wenyewe hawakuwapo. Mlinzi alikuwa mbali, getini, na redio yake. Kabla sijafikiri lolote nilijikuta nimeshaketi ndani ya gari, nimefunga na mkanda.

"Twende zetu. Haraka, hakuna aliyeona."

Wewe unajua neno hilo lilikotoka, maana siku ile nilipokimbia nyumbani ulikuwa kwenye mlango wa nyuma, umenishikia furushi. Tangu hapo mwili wangu umejua jambo moja tu: ukisikia kishindo, ondoka kabla hujaulizwa jina. Niliondoka nchini. Nikaondoka kambi ya wakimbizi. Hata huku, nikiwa na karatasi zangu zote mfukoni, niliwahi kuhama chumba cha kupanga kwa sababu mtu alibisha hodi kwa nguvu.

Mama akazima gari. Akachomoa ufunguo, akauweka mapajani mwangu.

"Siendi, babu."

"Na kazi yako? Unataka kuitupa kwa ajili ya taa?"

"Ikipotea, ipotee. Kwani tunamkimbia nani? Hapa ndipo kwetu. Tukitoka hapa tutakwenda kujificha wapi?"

Nikaufungua mkanda.

Tukashuka, tukasimama juani kando ya gari la watu. Alivisogeza vile vigae kwa kiatu hadi ukingoni, visije vikatoboa gurudumu la mtu mwingine. Alikuwa anaifunga na kuifungua zipu ya mkoba wake, nami nilijifanya sioni, na siku hiyo ilikuwa rahisi.

Mwenye gari akaja, mwashi, pande la mtu, saruji imemkaukia kwenye viatu. Alipoona taa akawaka.

"Nani kafanya hivi? Wewe binti? Leseni umepewa au umeiokota?"

"Ni mimi, baba. Nimekugonga nikirudi nyuma. Nisamehe sana, nilikuwa nakungoja."

Hakusema lolote kunihusu. Hata kunitupia jicho hakunitupia. Hapo ndipo miguu yangu ilipokwenda mbele badala ya kurudi nyuma, nikasema kwamba mimi ndiye niliyemwita, na kwamba Mama alikuwa ananitii.

"Mama? Mzee, huyu ni mama yako?"

"Ni mama yangu na mjukuu wangu."

Akanisogelea, akanitazama usoni. "Na macho yenyewe yametumbuka kama ya bundi! Haya ndiyo yaliyokuwa yanaongoza gari?" Mama alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka huku machozi yanamtoka, na yule mwashi naye akaanza kucheka. Akasema taa ni kitu cha kubadilisha, tutaelewana, ila huyu mzee asiachiwe tena uwanjani.

Palepale, kabla hatujaondoka, Mama akampigia simu msimamizi wa madereva. Mimi nilikuwa namnong'oneza, "Sema umegusa." Akasema, "Nimegonga." Nafasi yake akapewa mwingine. Yeye akaambiwa asubiri kundi litakalofuata, na mtihani wa rivasi aurudie. Jioni hiyo mama yake alisikia maji ya bafuni yakitiririka muda mrefu kuliko kawaida. Hatukumuuliza.

Jumanne iliyopita akaurudia. Nilimwomba anichukue. "Sawa, babu, lakini leo mikono mfukoni." Nikaitia mfukoni, nikasimama kwenye uzio. Lile gari refu la wagonjwa alilirudisha katikati ya nguzo mbili mara moja tu, taratibu, bila mtu yeyote kumpigia kelele. Jana amerudi nyumbani na sare ya kazi. Nilimwambia tutoke wote kununua mkate, na mkate ulikuwepo, mkubwa, mezani. Nilitaka tu watu wa mtaa huu wamwone akipita nami.

Nisalimie shemeji, na wanao wote, na shangazi kama bado anakubali salamu za mtu asiyeandika mara kwa mara. Mwambie mwanao wa mwisho nimefurahi kusikia anaoa. Mungu awalinde, awape afya na nyumba yenye vicheko.

Umeniandikia kwamba chumba cha uani umekipaka rangi na kwamba kinaningoja. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara nimeona mikono yako ikiwa na rangi. Asante, mdogo wangu. Waachie maharusi. Mimi sitarudi.

Kaka yako, ambaye hajapunguza kukupenda