Mifuniko ya Bluu

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, umepungua kuuma? Na kaka mkubwa, bado anakoroma mpaka vikombe vinatikisika kabatini? Mwambie mdogo wake kaolewa lakini hajamsahau. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Leo ni siku ya arobaini na moja tangu uniage mlangoni, na bado nikisikia funguo za mume wangu zikigusa kitasa, moyo unanienda mbio kama wa msichana wa kidato cha pili. Mkweo anakuamkia.

Chumba chetu ni kidogo, dirisha linatazama ukuta wa karakana ya baiskeli, lakini kwangu ni ikulu. Nilipokuwa napanga vyombo nilijiona niko jikoni kwako, nina miaka sita, nimesimama juu ya kigoda. Mfuniko wa bluu sukari, mwekundu chumvi, kijani majani ya chai. Hukuandika jina hata kwenye kopo moja. Ulisema rangi inatosha, na ole wake atakayerudisha la bluu kwenye safu ya mekundu. Natamani ningeisikia tena sauti yako ikinigombeza.

Siku ya harusi uliniuliza mkweo anafuga nini huko maabara, kaka akadakia kwamba anafuga vijidudu, watu wakacheka. Anakuza seli za kinga, Mama, askari wa mwilini. Alinieleza kwamba ndani ya uboho wa mifupa kuna seli changa ambazo bado hazijawa chochote. Kinachoziambia zikue, zigawanyike na ziwe askari wa aina gani ni vijumbe vidogo vya protini vinavyotolewa na seli nyingine, vinaitwa sitokini. Seli zilezile, ukizipa sitokini hii, zinakuwa walaji: zinajibandika chini ya sahani na kumeza vijidudu. Ukizipa nyingine, zinaota mikono mirefu kama matawi na kuwa wapeleka habari, wanaowaonyesha wenzao adui anafananaje. Nikamwambia basi wewe ndiye sitokini yangu. Akaona haya mpaka masikio!

Unakumbuka nilikuandikia kwamba tulijuana kwenye sinki? Nilikuwa naosha vyombo vya maabara, akaingia amebeba sahani sita, macho mekundu. Alikuwa amehangaika majuma matatu kukuza wapeleka habari, wakatoka walaji watupu. Alizoea kuchukua kichupa kwa kufuata shimo lake bila kusoma jina; alipokagua friza alikuta vichupa vya sitokini vimehama mashimo yake kwenye boksi, akaamini ni yeye aliyevirudisha vibaya, akaandika hivyo daftarini kwa wino. Mkuu wa maabara, ambaye sisi humwita Bi Kalamu kwa sababu ya kalamu anayoichomeka kwenye nywele, alimuuliza mbele ya wote kama mikono ile ni ya maabara au ya kuchanganya saruji. Hata hivyo, kabla ya kuzitupa zile seli, mkweo alinikaribisha kwenye hadubini nizione. Zilikuwa nzuri, Mama, zimetandazwa kama mayai ya kukaanga! Nikampenda palepale, glavu zinanidondoka maji.

Lakini tangu siku ile haiamini mikono yake. Anasoma kila kichupa mara tatu na bado anarudia. Jumatatu anataka kumwomba Bi Kalamu amtoe chumba cha seli, apelekwe stoo akapokee mizigo.

Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito. Kosa lile halikuwa lake. Kabla ya majuma yale matatu, friza liliyeyushwa barafu, nami nikapewa boksi la sitokini nilishike. Likaniponyoka, vichupa vikatapakaa. Majina yalikuwa yamefunikwa na barafu, na sikujua kwamba kila kichupa kina shimo lake. Nikavipanga kwa rangi ya vifuniko vyake, kama ulivyonifundisha: bluu na bluu, nyekundu na nyekundu. Vilipendeza kweli. Aliponieleza kwenye sinki kwamba vimehama, nilijua papo hapo. Nikanyamaza mwaka mzima na miezi miwili, na juu ya ukimya huo nikaolewa.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, Mama, nikaenda kumwambia. Alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe. Akamalizia kola kwanza. Kisha akaniuliza, kwa nini rangi? Nikamsimulia makopo yako. Akakaa kitandani, akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Sikujua kama ataniacha au atanikumbatia. Akasema ana hasira, nisimharakishe, ataimaliza mwenyewe. Ila Jumatatu yeye haendi kuomba stoo. Kwa Bi Kalamu naenda mimi, nikaseme kwa mdomo wangu. Naweza kupoteza kazi, na naogopa, lakini nitakwenda.

Niombee. Msalimie kaka, na majirani wote wanaoniulizia. Tafadhali usibadilishe mifuniko yako, nikija nataka kuikuta ilivyo.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Mke wa Mtu

Baada ya sahihi: barua imelala mezani, na asubuhi hii nimekuta mume wangu amebandika majina kwenye makopo yetu yote. La sukari limeandikwa sukari. La chumvi limeandikwa chumvi, na chini yake kwa herufi ndogo: soma kwanza, mke wangu.